Kabla ya Kununua Shokapu, Tazama Mpira

Mwenye gari la michezo la zamani akianza kulalamika kwamba gari limelegea, ushauri wa kwanza atakaopewa karibu kila gereji ni kubadilisha shokapu. Ushauri huo una mantiki yake. Shokapu inaonekana, jina lake linajulikana na kila muuza spea, na ikivuja mafuta hata asiye fundi ataiona. Lakini kwa gari lililotimiza miaka 25 au 30, mara nyingi huko ni kuanzia mwisho. Kinachochakaa mapema na kuliharibu gari kimyakimya ni vipande vidogo vya mpira vinavyoziunganisha amu za magurudumu na bodi, vile ambavyo mafundi huviita bushi. Msimamo wangu ni kwamba matengenezo ya saspensheni ya gari la aina hii yaanzie kwenye bushi, yafanywe kwa mpira wa aina ile ile aliyoikusudia mtengenezaji, na bolti zikazwe kwa utaratibu ambao gereji nyingi huuruka. Shokapu na springi zifuate, kama bado zitahitajika.

Mfano mzuri ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwezi Februari 1989, na ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Ni gari dogo la viti viwili lenye uzito usiofika tani moja, injini ya lita 1.6 mbele, na nguvu inayopelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Mhandisi aliyesimamia mradi wake, Toshihiko Hirai, alitaka dereva na gari wawe kitu kimoja, kama mpanda farasi na farasi wake. Hilo halikutokana na ukubwa wa injini. Lilitokana na uzito mdogo na jinsi magurudumu yalivyoshikwa: kila gurudumu lina amu mbili, ya juu na ya chini, ambazo huliongoza lipande na kushuka bila kupoteza mkao wake barabarani. Amu hizo hushikwa na bushi. Ukihesabu pembe zote nne utapata zaidi ya bushi 16, na nyuma hakuna hata boljointi moja, yaani kiungo cha chuma chenye kichwa cha duara. Kazi yote ya kulishika gurudumu imeachiwa mpira. Gari la mwisho la kizazi hicho lilitengenezwa mwaka 1997. Maana yake ni kwamba kila bushi ya kiwandani iliyobaki katika magari hayo ina umri wa kutosha kuwa mzazi.

Ili kuelewa kwa nini umri una uzito, tuitazame bushi yenyewe. Ni mabomba mawili ya chuma, dogo ndani ya kubwa, na katikati yake kumejazwa mpira uliogandishwa kwenye chuma pande zote mbili. Bomba la nje hushindiliwa kwa presi ndani ya tundu la amu. Bomba la ndani hubanwa na bolti kwenye fremu hadi lisiweze kuzunguka. Amu ikipanda na kushuka hakuna kinachoteleza. Mpira wenyewe ndio unaojinyonga na kujinyoosha, mamilioni ya mara, bila grisi wala kelele. Kwa maneno mengine, bushi ni kiungo na ni springi ndogo kwa wakati mmoja. Sasa mpira ni kitu kinachozeeka hata kikiwa kimekaa bure. Hewa huufanya uwe mgumu, ozoni huupasua, mafuta yanayodondoka kutoka kwenye injini huuvimbisha na kuulainisha, na joto huharakisha yote hayo. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Gari la zamani lililotembea kilomita chache huuzwa kwa bei kubwa kwa sababu mita yake ni ya chini, lakini mpira hausomi mita. Gari lililolala bandani miaka 20 linaweza kuwa na bushi mbovu kuliko lile lililokuwa likitumika kila siku na kutunzwa.

Kuna wanaoiona bushi kama kizuia kelele tu, kitu cha starehe kilichowekwa ili dereva asisikie mawe. Historia ya magari ya michezo inasema vingine. Mwaka 1977 Porsche walipoitambulisha 928, walikuja na ekseli ya nyuma iliyopewa jina la Weissach, mji ulipo kituo chao cha utafiti. Katika magari ya wakati ule, dereva akiachia mafuta ghafla katikati ya kona, tairi la nyuma huelekea kugeuka nje kidogo na gari likataka kuzunguka. Ekseli ya Weissach iliutumia ulaini uliopimwa wa maungio ya mbele ya amu ili nguvu hiyo hiyo ya kupunguza mwendo iligeuze tairi kuelekea ndani na kulituliza gari. Mazda nao, katika RX-7 ya kizazi cha pili ya mwaka 1985, waliweka mpira maalumu kwenye habu za nyuma ili tairi ligeuke kwa kiasi kilichokusudiwa kadiri nguvu ya kona inavyoongezeka. Kwa hiyo mpira umo ndani ya hesabu za uongozaji wa gari. Mhandisi aliamua ulegee upande gani, kwa kiasi gani, chini ya nguvu ipi. Ukichakaa, gari hupata usukani wa pili ambao hakuna aliyeushika.

Hili linaweza kupimwa kwa hesabu ndogo. Chukua amu ya chini yenye bushi mbili zilizoachana sentimita 30, na useme moja imechoka kiasi cha kuruhusu mwendo wa milimita 2 tu. Mwelekeo wa gurudumu unaweza kupotoka kwa karibu theluthi ya digrii au zaidi, tena unabadilika kila unapokanyaga breki na kila unapoachia. Tairi lililopotoka nusu digrii hukokotwa kwa ubavu karibu mita 9 katika kila kilomita moja. Katika kilomita 10,000 hizo ni kilomita 87 za kusugua raba kwenye lami kama kifutio kwenye karatasi. Ndiyo maana tairi huisha ukingo mmoja, mwenye gari anakwenda kufanya alaimenti, anarudi na karatasi yenye namba zote za kijani, na baada ya miezi michache ukingo ule ule umeisha tena. Mashine ya alaimenti hupima gari likiwa limesimama. Bushi mbovu hujionyesha gari likiwa linakwenda, linafunga breki, linakata kona. Kufanya alaimenti juu ya bushi zilizokufa ni kupiga mstari kwenye maji.

Msomaji anaweza kusema kwamba shokapu pia huchoka, na kwamba gari linalodundadunda ni hatari. Ni kweli kabisa. Kazi ya shokapu ni kuugeuza mwendo wa springi kuwa joto kwa kuyalazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo. Mafuta yakipungua au valvu zikilegea, tairi huruka badala ya kushika barabara, na breki hurefuka. Shokapu inayovuja isibaki kwenye gari. Ninachokataa ni mpangilio. Shokapu mpya na ngumu ikifungwa kwenye amu zenye bushi zilizochanika, nguvu yake hupitia kwenye ulegevu ule ule kabla ya kulidhibiti gurudumu. Dereva husikia gari limekuwa gumu, akadhani limekuwa zuri. Baada ya wiki chache mlio wa kugonga unarudi, safari hii ukiwa mkali zaidi, na bushi zilizobaki zinakwisha upesi. Tena dalili zinafanana sana. Kugonga kwenye matuta, gari kuvutwa upande ukikanyaga breki, usukani kutetemeka kwenye mwendo wa kasi, mkia kuchelewa kufuata kona: kila moja ya hizo inaweza kutoka kwenye shokapu, bushi, tairi lisilo na balansi au linki ya stebilaiza. Mtetemo wa usukani, kwa mfano, una hesabu yake. Tairi la 185/60 la inchi 14, ambalo MX-5 ya kwanza ilitoka nalo kiwandani, huzunguka takribani mara 15 kwa sekunde gari likiwa kilomita 100 kwa saa, na mwendo huo unakaribiana na ule ambao gurudumu lenyewe hupenda kutikisika. Kasoro ndogo ya balansi ambayo bushi nzima ingeimeza, bushi mbovu huipeleka moja kwa moja mikononi mwa dereva. Na ile desturi ya kukandamiza boneti kwa mikono na kuhesabu gari linacheza mara ngapi haitoshi kuhukumu lolote, kwa kuwa shokapu hupimwa vizuri kwenye mwendo wa haraka, na mikono ya mtu haifiki huko.

Uchunguzi wa kweli huhitaji jeki, stendi imara, taa na mtaimbo mdogo. Pembeza amu kwa mtaimbo na utazame bushi inavyojibu. Nyufa ndogo za juu juu kwenye mpira si hukumu ya kifo. Karibu kila bushi ya miaka kumi inazo. Kinachohukumu ni mpira kubanduka kwenye chuma, bomba la ndani kuhama kutoka katikati, au amu kusogea kwa mlio. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hutangulia hata bushi, nacho ni boljointi. Bushi iliyokufa huharibu mwenendo wa gari. Boljointi ikichomoka gurudumu hulala chini na gari halina tena uongozi. Kwenye MX-5 springi husukuma amu ya chini, kwa hiyo boljointi ya chini ya mbele ndiyo iliyobeba mzigo. Ukilinyanyua gari kwa bodi na kuliacha gurudumu lining'inie, springi huibana boljointi ile na kuuficha ulegevu wake. Jeki iwekwe chini ya amu yenyewe, mzigo uondoke, ndipo utikise tairi juu na chini. Boljointi hiyo ya chini hubadilishwa peke yake, ilhali ya juu huja pamoja na amu yake. Ikiwa ina mchezo wowote unaoonekana, ibadilishwe siku hiyo hiyo, na mjadala wa bushi usubiri.

Sasa tuje kwenye swali linalogawa watu zaidi: ukishaamua kubadilisha bushi, uweke za aina gani? Soko limejaa bushi za poliyurethani zenye rangi nyekundu, njano na zambarau, ngumu kuliko mpira, zinazosifiwa kuwa zitadumu kuliko gari lenyewe. Wanaozitetea wana hoja nzito. Hazidhuriwi upesi na mafuta, huingizwa kwa mkono bila presi, na hulifanya gari lijibu usukani haraka. Huongeza pia kwamba magari ya mashindano huacha mpira kabisa na kutumia maungio ya chuma. Nazikubali hoja hizo kwa gari la uwanjani. Kwa gari la barabarani siziafiki, na sababu ni ya kimakanika. Bushi ya poliyurethani haijinyongi. Bomba la chuma huzunguka ndani yake, kwa hiyo ni lazima iwe na grisi. Grisi ikikauka au ikaingia vumbi, huanza kulia kama mlango wa kutu na kukisugua chuma. Zaidi ya hayo, amu haiendi juu na chini tu. Hupinda kidogo pia pembeni. Mpira huuruhusu mpindo huo, kitu kigumu huukatalia, na nguvu iliyokataliwa huhamia kwenye masikio ya fremu ambayo kwa gari la miaka 30 huenda yana kutu tayari. Ama gari la mashindano, huwa lina mafundi wanaolifuata. Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, ilikuwa gari la michezo lililothibitisha uimara wake kwenye barabara zetu za vumbi na tope, lakini gari la timu ya kiwanda hukaguliwa na kubadilishwa vipande safari nzima. Mwenye gari la kwenda kazini na kutembea Jumapili hana msafara wa mafundi nyuma yake.

Huku kwetu iko njia ya tatu, bushi za kukereza: fundi anachukua kipande cha nailoni au raba ya tairi kuukuu na kukichonga kwa kipimo. Ubunifu huo umeyaweka barabarani magari mengi ambayo spea zake hazipatikani, nao unastahili heshima. Hata hivyo nailoni haina ulaini wowote, na raba ya tairi haikugandishwa kwenye chuma, kwa hiyo zote mbili huyafuta yale mahesabu niliyoyataja. Kwenye pikapu ya mizigo hasara hiyo inavumilika. Kwenye gari lililonunuliwa kwa sababu ya jinsi linavyokata kona, kilichofutwa ndicho kilicholipiwa. Na kwa magari mengi yenye jina, mpira halisi bado unatafutika. Mazda yenyewe ilitangaza mwaka 2017 huko Japani huduma ya kuifufua Roadster ya kizazi cha kwanza na kuanza kutengeneza upya baadhi ya vipuri vyake, jambo ambalo kampuni haifanyi kwa gari ambalo wenyewe wamelitupa.

Ugumu mkubwa wa kazi hii, na niseme wazi kwamba upo, si bushi bali ni bolti. Kwenye MX-5 amu za chini hufungwa kwa bolti zenye visahani ambavyo tundu lake haliko katikati. Ukizizungusha, amu husogea ndani au nje, na ndizo zinazotumika kufanyia alaimenti magurudumu yote manne. Baada ya miongo mitatu bolti hushikamana kwa kutu na bomba la ndani la bushi. Fundi mwenye haraka huivuta kwa bomba refu la kuongezea spana, kichwa kinakatika, na kazi ya siku moja inakuwa ya wiki. Afadhali bolti zilowekwe mafuta ya kulainisha kutu siku kadhaa kabla, mkao wa kila kisahani uwekewe alama ya rangi, na bolti mpya ziwe zimeshanunuliwa kabla ya spana ya kwanza kuguswa, maana baadhi ya za zamani zitakatwa kwa msumeno tu. Bushi kuukuu zitolewe kwa presi. Kuzichoma kwa moto ni desturi mbaya: moshi wake ni sumu, na amu hupoteza rangi inayoikinga na kutu. Springi nayo isifunguliwe bila kibanio chake maalumu, kwa kuwa nguvu iliyofungwa ndani yake inaweza kuua.

Wapo watakaosema kwamba gharama ya yote haya ni kubwa mno, na kwamba inatosha kubadilisha bushi iliyochanika na kuziacha nyingine. Kwa gari la miaka mitano ningekubali. Kwa gari la miaka 30 bushi zote zimezaliwa siku moja na kuzeeka pamoja; ukiweka moja mpya upande wa kulia na kuacha ya zamani kushoto, gari litakuwa na tabia mbili, likiinama hivi kwenye kona ya huku na vile kwenye ya kule. Gharama kubwa ya kazi hii ni muda wa kufungua na kufunga, na muda huo ni ule ule ukibadilisha bushi moja ya amu au zote. Kama mfuko hauruhusu, gawanya kazi kwa ekseli, mbele kwanza na nyuma baadaye, lakini kulia na kushoto viende pamoja siku zote.

Hatua inayobaki ni ile ambayo huiua kazi nzuri kuliko zote. Nimesema bomba la ndani hubanwa na bolti lisizunguke, na mpira ndio unaojinyonga. Fundi akimaliza kufunga amu huku gari liko juu ya stendi na magurudumu yananing'inia, akakaza bolti zote hapo hapo, anaufundisha mpira kwamba mkao wa kupumzika ni ule wa kuning'inia. Gari likishushwa, tuseme gurudumu linapanda sentimita 8 kwenye amu ya sentimita 30, na mpira unanyongwa zaidi ya digrii 15 hata kabla gari halijaondoka gereji. Unakaa hivyo mchana na usiku. Likifika tuta kubwa, unavutwa kupita uwezo wake, na bushi mpya ya kampuni yenye sifa inachanika katika miezi michache, kisha lawama inaangukia spea feki. Bolti za bushi za mpira ziingizwe kwa mkono na kubanwa kidogo tu, gari lishushwe likae kwenye matairi yake, au amu inyanyuliwe kwa jeki hadi ichukue uzito wa gari, ndipo zikazwe kwa spana yenye kipimo. Baada ya hapo gari liendeshwe kidogo litulie, kisha lipelekwe alaimenti, ambayo sasa itakuwa na kitu cha kushika.

Kwa hiyo, msomaji, ukilipeleka gari lako gereji kwa kazi hii, muulize fundi swali moja kabla ya kukubaliana bei: bolti za amu atazikaza gari likiwa wapi? Akijibu kwamba atazikaza juu ya stendi, chukua ufunguo wako na utafute fundi mwingine.